Taja Kwanza Kile cha Maji

Wengi wenu munaomaliza koleji na kupangiwa kazi huku kwa ziwa, munakuja kwa wahamishaji na swali moja tu: bei ngapi? Si swali baya. Hata mimi ningeuliza. Lakini nilihamisha vitu vya watu miaka ishirini na sita, kwanza kwa kamyo, halafu kwa boti, halafu tena kwa kamyo, na ile sababu ya kurudishwa kwa kamyo ndiyo nataka kuwaandikia. Sijui kama nitaiandika vizuri. Nilisoma mpaka mwaka wa tano wa primeri pale Pweto, ng'ambo, upande wa Kongo, na karne yangu, hili daftari ninaloandikia, imejaa mistari iliyokatwa. Pale nisipokumbuka, nitasema sikumbuki.

Nianze na kamyo, kwa sababu hapo hakuna uchungu.

Kamyo nyingi za hapa Nchelenge zinashuka mjini Kitwe na samaki kavu, kisha zinatafuta cha kurudi nacho. Ile bei ndogo munayofurahia ni kwa sababu dereva angerudi tupu. Sasa weka matela mpya, godoro lako la kulalia, mahali samaki amelala siku mbili. Kulikuwa na nesi mmoja, kijana mwanaume, tulimpeleka Puta. Hakuuliza kamyo ilibeba nini, na sisi hatukusema. Tulipofungua mulango wa nyuma, paka wa kijiji walikuwa wamekuja kumpokea kabla ya watu. Alilala na paka wawili kwa dirisha muda mrefu, na wagonjwa walimwita Dokta Chisense, kwa jina la vile visamaki vidogo tunavyoanika huku. Alilichukua kwa kucheka. Lakini ninyi musingoje kucheka: panda ndani ya kamyo mwenyewe, nusa, omba plastiki itandikwe chini na kwa pembeni. Muhamishaji mwenye kukasirika kwa sababu umenusa, muache.

Mambo mengine ni madogo. Kioo kinabebwa kimesimama, hakilazwi. Unga na petroli havikai upande mmoja, hata kama dereva anaapa. Dipolome haiingii kwa sanduku. Dipolome inakaa kwa mwili wako, ndani ya plastiki, mpaka umeionyesha pale unapoenda kuripoti. Na usiandike kwa risiti "sanduku tatu". Andika kilicho ndani. Mimi nilijifunza uzito wa lile neno "ndani" siku ninayoikaribia sasa.

Mwenye kampani alikuwa Ba Chanda, mutu wa hapahapa Nchelenge, mwenye kamyo moja na boti moja kubwa ya mbao yenye moteri. Kwa boti tulikuwa wawili. Kasongo alishika moteri. Ni Mukongomani kama mimi, ila yeye amezeeka majini, na yote ninayojua ya ziwa nilijifunza kwake. Mimi nilikuwa mutu wa mbele: kupanga mizigo, kuifunga, na kusema "twende". Bila mutu wa mbele kusema, boti haisukumwi. Hata Kasongo, pamoja na uzee wake, alingoja neno langu.

Na kabla ya neno lile kulikuwa na kawaida moja. Mwenye vitu anasimama pale maji yanapogusa miguu, ananyoosha mukono kwa kitu kimoja kati ya vitu vyake, na anasema mbele ya wote: hiki ndicho cha maji. Maana yake, upepo ukitukamata na boti ikilemewa, kile ndicho kitatupwa kwanza. Kikishatajwa, tunakiweka juu ya vingine, pembeni, bila kamba. Si uchawi. Watu wa kanisa waliniuliza mara nyingi, na niliwajibu hivyohivyo: ni kwa sababu katikati ya mawimbi hakuna mutu anayejua kuchagua. Anayechagua ni anayekaa kwa mchanga, miguu yake ikiwa mikavu ao karibu mikavu.

Tuliona mengi kwa kutaja kule. Mchungaji mmoja alitaja redio ya muke wake. Muke akataja viatu vyeusi vya mchungaji. Tulichelewa kuondoka, na wale waliokuwa wanasafisha nyavu waliacha kazi wakaja kusikiliza. Kasongo alisema, "Papa mchungaji, ungetaja mahubiri, ni mepesi kuinua." Mchungaji mwenyewe alicheka.

Bon. Sasa Bwalya.

Bwalya alikuwa mwalimu mpya, amemaliza koleji, amepangiwa shule ya kisiwa cha Chisenga. Msichana mrefu, mwenye sauti ya kusikika mbali. Vitu vyake vilitoka Mansa kwa kamyo ya Ba Chanda, na asubuhi ile tulivishusha kwa boti: kitanda, matela, fotei mbili za kukalia, sola, vyombo, gunia la unga, sanduku tatu za bati, na mashini ya kushona ya zamani, nzito, imefungwa ndani ya kitenge. Moja ya zile sanduku ilikuwa na neno VITABU juu yake, kwa rangi nyeupe. Alivaa jileti ya kuelea kabla hatujamwambia, na hapo nilimsifu moyoni.

"Ba madam," nikamwambia, "mbele ya kusukuma, taja kile cha maji."

"Cha maji ni nini, papa?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikata. Kisha akatoa risiti ndani ya kipochi.

"Awe, ba papa, hapana. Ba Chanda aliandika vitu vyote vitafika. Soma hapa. Nionyeshe pahali ameandika kitu moja itaenda kwa maji."

Nikasoma. Haikuandikwa.

Kasongo akasema toka nyuma, "Mademazeli, ziwa haijue kusoma risiti."

"Basi taja wewe, ba mudala, we muzee. Tupa ile kofia yako."

Tulicheka wote watatu. Kofia ya Kasongo ilistahili kutupwa, nasema ukweli. Na ndani ya kile kicheko kazi yangu ilinipotea.

Nataka kuwa wa haki hapa, kwa sababu nimesikia watu wakisimulia jambo hili na kumuwekea Bwalya kosa lote. Yeye alikuwa mugeni kwa maji. Aliuliza swali la mutu aliyesoma, na swali lilikuwa zuri: kama ni sheria, kwa nini haikuandikwa? Mwenye kujibu alikuwa mimi. Nilipaswa kusema: ba madam, haikuandikwa, lakini hatuondoki mpaka umetaja. Ni maneno kumi tu, ao chini ya kumi. Sikuyasema. Nilimuona na dipolome yake kwa kifua ndani ya plastiki, nikajiona mimi na mwaka wangu wa tano wa primeri, na nikaona haya kumlazimisha. Kasongo aliniangalia. Alikuwa anangoja.

Nikasema, "Twende."

Safari ya Chisenga si ndefu kama maji yametulia. Tulikuwa tumepita nusu wakati rangi ya ziwa ilibadilika upande wa kushoto, ikawa nyeusi kama bati la moshi, na ule weusi ukaanza kutujia. Kasongo alizungusha pua ya boti ili tupokee mawimbi kwa mbele. La kwanza lilitupita chini. La pili liliingia. La tatu liliingia zaidi, na maji yalifika kwa vifundo vya miguu, na boti ikaanza kwenda kama ng'ombe aliyechoka, inainuka kwa shida.

"Punguza mbele!" Kasongo akapaza sauti. "Punguza mbele, punguza!"

Nikamgeukia Bwalya. "Madam! Gani? Sema gani!"

Mikono yake miwili ilikuwa imekamata fotei, imeikaza, na mimi nikafikiri: anazichunga fotei zake. Basi si fotei. Unga na vyombo vilikuwa chini, vimefungwa. Karibu na mukono wangu kulikuwa na sanduku la vitabu na mashini. Nawaambia sikufikiri muda mrefu, lakini nilifikiri, na sitasema sikufikiri. Nilisema moyoni: huyu ni mwalimu, mwalimu bila vitabu ni nini? Mashini ya kushona ni kitu cha mama wa nyumbani, atanunua ingine. Mimi niliyekosa shule niliogopa kutupa vitabu kuliko kutupa kitu kingine chochote duniani.

Niliinua mashini kwa mikono miwili, na kitenge chake.

"Papa, awe! Iyo awe!"

Sikumbuki kama nilisikia kabla ya kuiachilia ao nyuma yake. Nimejiuliza mara nyingi. Siku zingine ninakumbuka sauti kwanza, siku zingine ninakumbuka maji kwanza. Ninaandika yote mawili.

Boti iliinuka. Hiyo pia ni kweli. Nilichota maji kwa ndoo, Kasongo akashikilia moteri, na upepo ulipotuacha tulikuwa karibu na kisiwa. Kasongo alisema baadaye kwamba zile fotei ndizo zilikuwa zinakamata upepo, na kuzitupa kungetosha. Inawezekana. Mimi si mutu wa moteri, siwezi kuapa upande mmoja wala mwingine.

Wanawake wa kisiwa waliingia majini kutusaidia kushusha, na mwalimu mukubwa wa shule alikuja na mukokoteni. Bwalya alikaa juu ya sanduku lake la vitabu kwa mchanga, nguo zikitiririka. Nilimwendea na furaha, mujue hiyo. Nilimwendea kama mutu aliyefanya kazi nzuri.

"Vitabu vyako ni vizima, ba madam. Hata kimoja hakikulowana."

Alikamua pindo la nguo yake.

"Papa, vitabu nilishavisoma."

"Ndiyo, lakini..."

"Ile mashini njo ilinisomesha. Nilishona inuformu za batu miaka tatu, njo nilipata kumaliza. Na sasa serikali haijaweka jina yangu kwa mushahara. Mwenzangu wa Mwansabombwe alingoja miezi saba. Miezi ile nitakula nini? Nitakula kitabu?"

Nikasema, "Nilikuona umeshika fotei."

"Nilishika nisianguke, papa."

Kasongo alinivuta mukono, na tukarudi Nchelenge na boti nyepesi.

Kesho yake Ba Chanda alituita kwa bilo yake, kile chumba kidogo nyuma ya duka. Ni mutu wa maneno machache.

"Uliuliza?"

"Niliuliza."

"Alitaja?"

"Hakutaja."

Kasongo akarukia: "Ule mademazeli njo alikataa, patron! Mimi nilikuwa pale. Alitaja kofia yangu!"

Ningeweza kusimama hapo. Kila neno lilikuwa kweli, na mwenzangu alikuwa ananitetea kwa moyo. Nyinyi mukianza kazi mutakutana na pahali kama hapo: hakuna uongo uliosemwa, na bado ukweli haujafika. Ba Chanda alinitazama mimi, si Kasongo.

"Na nani alisema twende?"

"Mimi."

Alimurudishia Bwalya pesa yote ya safari. Mashini hakuwa na uwezo wa kuinunua, na sikumwona mubaya kwa hiyo. Boti yenyewe ilikuwa na deni la mbao. Mimi akanirudisha kwa kamyo. Nilitaka kuuza baiskeli yangu nimpelekee Bwalya chochote, na nilimtumia neno hilo kwa mutu wa kisiwa. Jibu lilirudi: baiskeli ya muzee sitaila. Sikujua kama ni heshima ao ni mulango unaofungwa. Hata sasa sijui.

Jumamosi hakukuwa na kamyo, basi nilianza kupanda boti kama abiria, ninaenda Chisenga, ninarudi siku ileile. Mara ya kwanza nilimkuta kwa mchanga, amefunga kitenge kiunoni, anaanika chisense pamoja na wanawake. Walikuwa wanamupa sehemu kidogo kwa kazi ya mchana, baada ya darasa, na sehemu ile ndiyo alikula na kubadilisha kwa unga. Wanawake wale hawakuwa wabaya, lakini midomo yao haikulala.

"Ba madam, geuza upande! Bale hawajue kusoma, hawatageuka benyewe!"

"Muache, anabafundisha. A, e, i, o, u!"

"Mwalimu yetu, ule mukubwa pale amefeli, mupige fimbo!"

Bwalya alicheka nao. "Amefeli kwa sababu mama yake ni wewe," akamjibu mmoja wao, na wote wakapiga makofi. Lakini mikono yake niliiona. Ilikuwa na magamba mpaka kwa viwiko, na vidole vyenye kuzoea uzi vilikuwa vimepasuka.

Nilichuchumaa kwa mstari mwingine na kugeuza samaki. Hakunifukuza. Baada ya muda nikasema, "Ziwa lilikuwa baya sana siku ile."

"Papa," akasema, bila kuinua macho, "usiseme tena ziwa. Ziwa haikuinua mashini."

Sikusema tena. Nilienda Jumamosi nyingi, si zote. Mara zingine nilikuwa Kitwe, mara zingine niliogopa tu. Tulizungumza juu ya darasa lake, watoto sitini ndani ya chumba kimoja. Vile vitabu vyangu, naviita vyangu kwa makosa, alivitumia kweli. Alivigawa, watoto watano kwa kimoja. Mara moja alisema, "Ni vizuri vilifika." Nilichukua neno lile nyumbani kama mutu aliyepewa nyama. Kisha nikafikiri labda alinihurumia, na nikalikata ndani ya karne. Sasa ninaliandika tena, kwa sababu alilisema.

Kwa hiyo sikieni. Hata kama muhamishaji hakuulizi, mutajie mwenyewe: hiki kikipotea nitaishi, na hiki ndicho kinanilisha. Usifikiri anaona. Sisi tunaona uzito, na pembe, na kama kitu kinavunjika. Kile unachokula toka kwa kitu hicho hatukioni. Na usimufurahishe muzee mwenye kazi mpaka akasahau kazi yake. Ingawa hilo la mwisho ni juu ya muzee, si juu yako, na labda nisingeliandika.

Ilikuwa miezi ya baridi wakati mushahara ulifika. Nilimkuta si kwa mchanga, bali mbele ya nyumba yake, amenawa mikono, anapaka mafuta vidole kimoja kimoja.

"Bamepata jina yangu, papa."

Nilikaa chini kwa furaha. Kweli nilikaa chini, kwa udongo.

"Unitafutie mashini pale Kashikishi," akasema. "Haina lazima ya kuwa mpya. Wewe unajua vyuma. Ushone nayo mbele ya kulipa, usikie kama inavuta uzi muzuri. Nakuamini kwa hiyo."

"Nitapata! Na nitaifunga na matela, na nitaikalisha katikati, chini kabisa, na mimi mwenyewe nitakaa..."

"Hapana, papa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama unavyomwambia dereva apite barabara ile ingine.

"Kuitafuta, ni wewe. Kuibeba, mutu mwingine."

Nilisema ndiyo. Nilitembea soko la Kashikishi siku tatu, nikaipata kwa mujane mmoja mushonaji aliyekuwa anahamia kwa watoto wake, nyeusi, magurudumu mazima. Nilishona mistari miwili kwa pindo la shati langu mwenyewe, nikageuza, nikashona mingine miwili. Ilivuta uzi vizuri. Asubuhi niliipeleka kwa maji kwa mukokoteni. Kasongo alikuwa kwa moteri, na mbele kulikuwa na yule mutu aliyechukua nafasi yangu, kijana wa Puta, mwenye nguvu, asiye na maneno. Aliishika mashini upande wa chini. Mimi nilinyoosha mikono kumsaidia upande wa juu, kisha nikarudisha mikono yangu.

Walisukuma. Nilisimama mpaka sikuweza tena kutenganisha boti na maji, kisha nikaendelea kusimama.

Kasongo aliporudi aliniambia imefika.

Ilifika. Niliambiwa imefika.